Jenga Jedwali la Elementi kwa Mikono Yako: Mwongozo Kamili wa Elementi 20 za Kwanza

Wanafunzi wengi wa kidato cha pili na cha tatu wanaokuja tuisheni hapa Mwanza huziimba elementi ishirini za kwanza bila kukwama, kuanzia haidrojeni mpaka kalsiamu. Ukimwambia mmoja wao, "Nina elementi yenye protoni 15, iko kundi gani na kwa nini?" anaanza wimbo upya huku akihesabu vidole. Akifika, jina la fosforasi analipata. Kundi, yaani safu wima yake kwenye jedwali, halijui, na sababu ndiyo kabisa haijui.

Wanakwama hapo kila mwaka kwa sababu wamepewa jedwali kama orodha ya kushikwa kichwani, kabla hawajakaa na atomu moja, yaani chembe ndogo kabisa ya elementi, wakaihesabu. Jedwali hili huzaliwa na hesabu. Ukijua idadi ya protoni na namna elektroni zinavyojipanga, utalichora mwenyewe kwenye manila tupu, kitabu kikiwa kimefungwa.

Historia ya ugunduzi nimeiacha, kazi hii haiihitaji. Mzazi anayetaka kukaa mezani na mwanawe jioni ataweza kufuata pia, hata kama kemia aliiacha zamani. Msiharakishe. Hatua nne za kwanza zinatosha kwa siku moja, na zinazobaki zifanyike kesho yake.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Maharage mekundu 28. Hizi ni protoni.
- Punje za mahindi 30. Hizi ni nyutroni.
- Choroko 28. Hizi ni elektroni.
- Karatasi mbili za manila nyeupe: moja ya kuchorea atomu, nyingine ya jedwali.
- Karatasi ngumu ya kukata kadi 20 za ukubwa wa kadi ya benki. Boksi la viatu linafaa.
- Penseli, kifutio, rula ndefu na kalamu za rangi tatu.
- Vyombo vinne vya duara vinavyozidiana ukubwa: kikombe, bakuli, sahani na kifuniko cha sufuria kubwa.
- Mawe madogo manne ya kukandamizia manila. Anayekaa karibu na ziwa anajua upepo wa mchana unavyofanya na karatasi.

Usibadilishe ukubwa wa punje kiholela. Protoni na nyutroni zina uzito unaokaribiana sana, ndiyo maana tumezipa punje kubwa. Elektroni ni nyepesi mno: inachukua takriban elektroni 1,836 kufikia uzito wa protoni moja. Choroko bado ni nzito kupita kiasi, lakini angalau jicho litaona kwamba hapa kuna kitu cha aina nyingine.

## Hatua ya 1: Chora uwanja wa atomu

Weka kikombe katikati ya manila ya kwanza, zungusha penseli. Kisha bakuli, sahani na kifuniko cha sufuria, vyote vikizunguka kitovu kilekile. Sasa una maduara manne, moja ndani ya jingine. Katikati kabisa, ndani ya duara la kikombe, weka alama ndogo ya X. Hapo ndipo kitakaa kiini, yaani protoni na nyutroni zikiwa pamoja. Mistari ya maduara ndiyo mizingo ya elektroni, ambayo darasani wengi huiita sheli.

Andika pembeni ya mistari: mzingo wa 1, wa 2, wa 3, wa 4, ukianzia ndani.

Sababu. Protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi ya kiasi kilekile, nyutroni haina chaji. Chanya na hasi huvutana, kwa hiyo elektroni hubaki karibu na kiini. Lakini hazikai popote zinapotaka. Kila mzingo una kiwango chake cha nishati, na elektroni hujaza mizingo ya ndani kabla ya ile ya nje.

Tahadhari. Mchoro huu unadanganya kuhusu ukubwa, na ni lazima ujue unavyodanganya. Kipenyo cha atomu ni kati ya mara 10,000 na mara 100,000 ya kipenyo cha kiini chake. Kama kiini kingekuwa harage moja katikati ya uwanja wa CCM Kirumba, elektroni za nje zingekuwa majukwaani, au hata nje kabisa ya uwanja. Sehemu yote iliyobaki ni utupu. Pia elektroni hazizunguki kwenye mstari kama gari barabarani. Maduara ni njia yetu ya kuzihesabu tu.

Umefaulu ukiona maduara manne yasiyogusana, yenye nafasi ya kuweka choroko nane kwenye mstari wa pili bila kubanana.

## Hatua ya 2: Soma namba mbili za elementi

Kila elementi utakayokutana nayo kwenye swali huja na alama na namba mbili. Chukua sodiamu: alama Na, namba 11 na namba 23.

Namba ndogo ni namba atomia, yaani idadi ya protoni. Namba kubwa ni namba ya masi: protoni na nyutroni zikijumlishwa. Kwa hiyo:

- Protoni za sodiamu: 11
- Elektroni, atomu ikiwa haina chaji: 11
- Nyutroni: 23 − 11 = 12

Hapa ndipo alama nyingi za mtihani hupotea. Wapo wanaotoa kinyume, na wapo wanaosema nyutroni ni 23. Wengine hukariri kwamba "namba ya chini ni ya protoni", halafu wanakutana na kitabu kilichoziandika juu-chini tofauti na walivyozoea. Usifuate mahali namba ilipokaa. Fuata ukubwa: iliyo ndogo ni ya protoni. Kwa haidrojeni ya kawaida namba zote mbili ni 1, maana haina nyutroni hata moja.

Idadi ya protoni ndiyo kitambulisho cha elementi. Nyutroni zinaweza kuongezeka au kupungua, elektroni zinaweza kuja na kuondoka, lakini ukigusa protoni umebadili elementi yenyewe. Fikiria dhahabu ya Geita. Atomu ya dhahabu ina protoni 79. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasia dhahabu hiyohiyo kwenye mchanga uliosagwa, ina protoni 80. Protoni moja tu imetenganisha metali yabisi ya manjano isiyoshika kutu na kimiminika cha rangi ya fedha ambacho mvuke wake ni sumu.

Na kwa kuwa nimeitaja zebaki: usiilete nyumbani wala darasani kwa ajili ya kuonyesha. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na huharibu ubongo na figo. Hata ukiiona ikiuzwa kwa matone, acha.

Umefaulu kama ukipewa dhahabu yenye namba 79 na 197, unajibu bila kuandika popote kwamba nyutroni ni 118.

## Hatua ya 3: Jenga kiini

Rudi kwenye manila. Kwa sodiamu, weka maharage 11 na mahindi 12 kwenye ile X. Zirundike pamoja, zigusane. Usizitawanye kwenye maduara. Hilo ni kosa la kawaida, na linamfanya mtu aamini kwamba protoni nazo huzunguka.

Jizoeze na hizi tatu kabla ya kuendelea: kaboni (6, 12), oksijeni (8, 16) na klorini (17, 35).

Ukimaliza klorini usiibomoe. Ongeza punje mbili za mahindi. Sasa nyutroni ni 20 na namba ya masi ni 37. Je, elementi imebadilika? Hesabu maharage: bado 17. Hii bado ni klorini. Atomu za elementi moja zinazotofautiana idadi ya nyutroni huitwa isotopu.

Klorini ndiyo mfano mzuri kuliko yote, kwa sababu inajibu swali linalowasumbua wengi: kwa nini jedwali la ukutani linaandika 35.5? Nusu ya nyutroni haipo. Kati ya kila atomu 100 za klorini, takriban 75 zina masi ya 35 na takriban 25 zina masi ya 37. Tafuta wastani:

(75 × 35 + 25 × 37) ÷ 100 = (2,625 + 925) ÷ 100 = 35.5

Namba yenye desimali ni wastani wa isotopu kama zinavyopatikana duniani. Unapojenga atomu moja, tumia namba nzima.

## Hatua ya 4: Panga elektroni

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo mzima. Ukiielewa, jedwali litajipanga lenyewe. Ukiiruka, utarudi kwenye kuimba.

Kanuni kwa elementi 20 za kwanza ni hii: mzingo wa 1 hupokea elektroni 2, wa 2 hupokea 8, wa 3 hupokea 8, na zinazobaki huenda wa 4.

Chukua choroko 11 za sodiamu. Weka mbili kwenye mzingo wa 1. Umejaa. Weka nane kwenye mzingo wa 2. Umejaa. Imebaki choroko moja, nayo inaenda mzingo wa 3. Andika: 2:8:1.

Fanya hivyo kwa mkono, choroko moja baada ya nyingine, kwa kila elementi kuanzia 1 hadi 20. Ndiyo, zote. Najua kuna mtu atataka kuruka kwa sababu ameshaona mtindo. Usiruke. Kati ya neoni na sodiamu kuna jambo la kulitazama kwa macho yako. Neoni ni 2:8, mzingo wa nje umejaa. Ongeza choroko moja tu (na harage moja kwenye kiini) na unalazimika kufungua mzingo mpya. Atomu ambayo ilikuwa haitaki kuungana na chochote imegeuka kuwa metali isiyoweza kuachwa hewani bila kuharibika. Mabadiliko hayo makubwa yametokana na choroko moja iliyokosa nafasi.

Tahadhari ya kwanza: potasiamu. Ina elektroni 19. Wengi huandika 2:8:9, kwa sababu wamesikia mzingo wa 3 unaweza kubeba 18. Ni kweli unaweza. Hesabu ya juu kabisa ya kila mzingo hupatikana kwa 2 × n × n, na kwa mzingo wa 3 hiyo ni 18. Lakini ukishafika nane, elektroni ya 19 hupata nishati ndogo zaidi ikianza mzingo wa 4 kuliko ikiingia wa 3. Kwa hiyo potasiamu ni 2:8:8:1 na kalsiamu ni 2:8:8:2. Nafasi kumi zilizobaki kwenye mzingo wa 3 huanza kujazwa baada ya kalsiamu.

Tahadhari ya pili. Usiipeleke kanuni hii mbele ya 20. Chuma kina elektroni 26. Ukilazimisha utaandika 2:8:8:8, wakati mpangilio wake ni 2:8:14:2.

Umefaulu ukiona kwamba jumla ya namba zilizotenganishwa na nukta pacha ni sawa na namba atomia, kila mara. Kwa fosforasi, 2 + 8 + 5 = 15. Isipolingana, umesahau choroko mahali.

## Hatua ya 5: Andika kadi 20

Kata kadi zako. Kwenye kila moja andika jina, alama na namba mbili kama zilivyo hapa chini. Nafasi ya chini ya kadi iache kwa mpangilio wa elektroni, na ujaze kutoka kwenye kazi yako ya hatua ya 4. Mpangilio sikuuandika makusudi. Ukiunakili kwangu, kesho utakuwa umeusahau.

- Haidrojeni, H: 1, 1
- Heliamu, He: 2, 4
- Lithiamu, Li: 3, 7
- Beriliamu, Be: 4, 9
- Boroni, B: 5, 11
- Kaboni, C: 6, 12
- Naitrojeni, N: 7, 14
- Oksijeni, O: 8, 16
- Florini, F: 9, 19
- Neoni, Ne: 10, 20
- Sodiamu, Na: 11, 23
- Magnesiamu, Mg: 12, 24
- Aluminiamu, Al: 13, 27
- Silikoni, Si: 14, 28
- Fosforasi, P: 15, 31
- Salfa, S: 16, 32
- Klorini, Cl: 17, 35
- Agoni, Ar: 18, 40
- Potasiamu, K: 19, 39
- Kalsiamu, Ca: 20, 40

Herufi ya kwanza ya alama ni kubwa, ya pili ni ndogo. Co ni kobalti, lakini CO ni gesi ya kaboni monoksidi, ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Na na K zinatoka kwenye majina ya Kilatini, kama Fe ya chuma, Cu ya shaba, Au ya dhahabu na Pb ya risasi. Hizo chache kariri tu. Njia ya kuzihesabu haipo.

## Hatua ya 6: Weka kadi mahali pake

Kwenye manila ya pili chora gridi ya safu wima nane na safu mlalo nne. Kati ya safu wima ya pili na ya tatu acha nafasi pana kidogo. Juu ya safu wima andika I, II, III, IV, V, VI, VII, VIII. Hayo ni makundi. Pembeni mwa safu mlalo andika 1, 2, 3, 4. Hizo ni periodi.

Sasa funga kitabu na uulize kila kadi maswali mawili:

1. Umetumia mizingo mingapi? Jibu ni periodi.
2. Mzingo wako wa nje una elektroni ngapi? Jibu ni kundi.

Fosforasi ni 2:8:5. Mizingo mitatu, elektroni tano nje: periodi ya 3, kundi la V. Kalsiamu ni 2:8:8:2. Periodi ya 4, kundi la II. Weka kadi, nenda inayofuata.

Kadi mbili zitakusumbua. Heliamu ina elektroni mbili nje, kwa hiyo maswali yataipeleka kundi la II. Ipeleke VIII, pamoja na neoni na agoni. Mzingo wake wa nje ndio wa kwanza, na wa kwanza ukiwa na mbili umejaa. Kinachowaweka pamoja wanakundi wa VIII ni kujaa. Haidrojeni nayo ina elektroni moja nje, ndiyo maana huwekwa juu ya kundi la I, ingawa ni gesi na haina tabia za metali zilizo chini yake. Iweke hapo, lakini ichoree fremu ya rangi tofauti.

Kuna suala jingine la namba za makundi. Majedwali mapya yana makundi 18. Hapo kundi la III letu linaitwa 13, la IV ni 14, mpaka la VIII ambalo ni 18. Ukiona namba ya 13 na kuendelea, ondoa 10 upate elektroni za nje, isipokuwa kwa heliamu. Ile nafasi pana uliyoacha kati ya II na III ndiko yanakokaa makundi ya 3 hadi 12. Huko ndiko kuna chuma cha misumari ya mitumbwi, shaba ya nyaya na zinki inayopakwa kwenye mabati. Vitabu vingine huliita kundi la VIII kundi la sifuri. Soma swali linatumia mtindo upi kabla ya kujibu.

Mwishowe tazama agoni na potasiamu. Agoni ina masi 40 na potasiamu 39. Iliyo nzito imetangulia. Wanafunzi wengi wakiona hapo huzibadilisha nafasi wakidhani wamesahihisha. Usiziguse. Jedwali hufuata protoni: 18, kisha 19. Ukizibadilisha, agoni itaangukia kundi moja na sodiamu, na potasiamu itakaa na neoni, jambo lisilolingana hata kidogo na tabia zao.

Umefaulu ukihesabu kadi kwa safu mlalo na kupata 2, 8, 8, 2. Jedwali kamili lina elementi 118 na periodi 7, na wewe umejenga sehemu yake ya juu kwa choroko.

## Hatua ya 7: Soma tabia kwenye safu wima

Jedwali sasa lianze kukufanyia kazi. Shuka kwenye kundi la I: lithiamu, sodiamu, potasiamu. Zote zina elektroni moja nje, na zote huitoa kwa urahisi. Ndiyo maana zote humenyuka na maji. Lakini hazilingani nguvu. Lithiamu humenyuka kwa utulivu kiasi, sodiamu kwa kasi huku ikizunguka juu ya maji, na potasiamu huwaka moto. Sababu iko kwenye manila yako ya kwanza: elektroni ya nje ya potasiamu iko mzingo wa 4, mbali na kiini, na kuna mizingo mitatu yenye elektroni katikati. Kiini kinaishikilia kidogo.

Majaribio haya hufanywa na mwalimu kwa kipande kidogo, maabara, macho yakiwa yamekingwa. Kamwe usitupe sodiamu kwenye ndoo au ziwani ili kuona itakuwaje.

Kundi la VII linakwenda kinyume. Florini na klorini zina elektroni saba na zinatafuta moja. Huko atomu iliyo ndogo huvuta kwa nguvu zaidi, kwa hiyo florini huizidi klorini.

Sasa unganisha mawili. Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, wanaokausha kayabo (samaki wa chumvi) hutumia chumvi kwa magunia. Chumvi hiyo ni sodiamu na klorini. Ijenge: atomu ya sodiamu 2:8:1 upande huu, klorini 2:8:7 upande ule. Hamisha choroko moja kutoka sodiamu kwenda klorini. Sodiamu imebaki 2:8, klorini imekuwa 2:8:8. Zote zimejaa.

Hesabu chaji. Sodiamu ina maharage 11 na choroko 10, kwa hiyo imebaki na chaji +1. Klorini ina maharage 17 na choroko 18, chaji −1. Hizi sasa ni ioni, na kuvutana kwao ndiko kunakoshikilia punje ya chumvi.

Swali ninaloulizwa mara nyingi hapa: "Mwalimu, sodiamu ikiwa 2:8 si imekuwa neoni?" Hapana. Rudi kwenye kiini uhesabu maharage. Ni 11. Neoni ina 10. Mpangilio wa elektroni umefanana, elementi haijabadilika.

Ukitaka kuandika fomula, tumia hesabu hiyohiyo. Magnesiamu ina mbili za kutoa, klorini moja inahitaji moja, kwa hiyo klorini ziwe mbili: MgCl₂. Kalsiamu inatoa mbili, oksijeni inahitaji mbili: CaO, ambayo ni chokaa iliyochomwa kabla haijatiwa maji.

## Hatua ya 8: Litafute jedwali mtaani

Chukua daftari utembee. Lengo ni kuona elementi, kuitaja namba yake atomia, kundi na periodi papo hapo.

Anzia kwenye duka la pembejeo. Gunia la mbolea limeandikwa NPK. Hizo ni naitrojeni (7), fosforasi (15) na potasiamu (19). Mkulima wa Sengerema au Misungwi anazitaja kila msimu. Muulize mwanafunzi ni zipi mbili kati yake zilizo kundi moja. N na P, zote kundi la V.

Jikoni kuna sufuria za aluminiamu (13), mkaa ambao sehemu yake kubwa ni kaboni (6), na chumvi yenye madini joto. Madini joto hayo ni aidini, namba 53, iliyo kundi la VII chini ya klorini. Kwenye betri ya simu kuna lithiamu (3).

Kisha tazama mawe. Jiwe la Bismarck linalosimama majini na milima ya mawe inayobeba nyumba za Mabatini na Capri Point ni matale. Jiwe hilo limejengwa zaidi na oksijeni na silikoni, pamoja na aluminiamu, potasiamu na sodiamu. Elementi tano, na zote unazo kwenye manila yako. Almasi ya Mwadui, mkoani Shinyanga, ni kaboni ileile ya mkaa. Kilichotofautiana ni namna atomu zilivyoshikana, protoni ni sita kotekote.

Kwa kila elementi uliyoiona, weka alama ya rangi kwenye kadi yake.

## Jipime

Fanya haya manila ikiwa imekunjwa. Choroko unaweza kuzitumia.

1. Atomu ina protoni 15 na nyutroni 16. Taja namba ya masi, mpangilio, periodi, kundi na jina.

2. Chembe ina protoni 12 na elektroni 10. Ni nini?

3. X ni 2:8:1 na Y ni 2:8:8:1. Ipi humenyuka na maji kwa nguvu zaidi, na kwa nini?

4. Atomu moja ina protoni 17 na nyutroni 18, nyingine protoni 17 na nyutroni 20. Zina uhusiano gani?

5. Andika fomula ya kampaundi (muungano) ya aluminiamu na oksijeni.

### Majibu

1. Masi 31, mpangilio 2:8:5, periodi ya 3, kundi la V, fosforasi.

2. Ioni ya magnesiamu yenye chaji +2. Aliyejibu neoni arudie hatua ya 2.

3. Y, ambayo ni potasiamu. Elektroni yake ya nje iko mzingo wa 4, mbali zaidi na kiini, na huondoka kwa urahisi zaidi kuliko ya sodiamu.

4. Isotopu za klorini.

5. Aluminiamu ni 2:8:3, inatoa elektroni tatu. Oksijeni ni 2:6, inahitaji mbili. Tatu na mbili hukutana kwenye sita: aluminiamu mbili zitatoa sita, oksijeni tatu zitapokea sita. Fomula ni Al₂O₃. Ikikukwamisha, chukua choroko sita uzihamishe kwa mkono, mbili-mbili, uhesabu ni oksijeni ngapi zimejaa.